Mombasa na watoto pamoja na mama mkwe, tukae wapi na tutembelee mitaa gani?

mama_wa_rau (Moshi)
Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita shule zikifungwa nataka niwapeleke watoto Mombasa, na mama mkwe naye kasema haachwi, tutatokea hapa Moshi kwa basi tunapitia Holili. Kila ninayemuuliza ananiambia we nenda Bamburi kaa hotelini ufukweni basi, lakini kiukweli mi sitaki niende nchi ya watu nikaangalie bwawa la hoteli halafu nikirudi naulizwa Mombasa ikoje sina cha kusema. Nataka mji wenyewe, mitaa yake, bandari, vyakula vyao. Mkubwa yuko la sita na anapenda historia kweli kweli, mdogo yeye ni wanyama na maji, mama miguu inamsumbua kidogo ila taratibu anatembea, na ni mtu wa kanisa sana. Sasa niambieni, tukae kisiwani au Nyali na Bamburi? Mitaa gani unaweza kutembea kwa miguu na watoto? Naombeni msinijibu kwa mkato.

mmarangu_wa_mvita
Dada karibu. Mi mtu wa Marangu ila maisha yangu yako huku Mombasa, na huwa inaniuma watu wa nyumbani wakishuka Mwembe Tayari wanadaka tuktuk moja kwa moja mpaka ufukweni wanaondoka mji hawajauona. Kaa kisiwani, gesti safi zipo, na asubuhi unatoka mlangoni uko mjini tayari.

Anzeni na Fort Jesus, na muende asubuhi wakifungua tu maana ikifika saa sita yale mawe yanarudisha joto hata kama ni mwezi wa sita. Wareno walianza kuijenga 1593, na huyo wa la sita mtafutie habari ya Waomani kabla hamjaja, waliizingira tangu 1696 mpaka wakaichukua mwisho wa 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo ndani wanakufa kwa njaa na magonjwa. Kuna meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo chini ya ukuta 1697 na vitu vilivyoopolewa baharini viko kwenye makumbusho mle ndani, mwonyeshe. Baadaye Waingereza waliifanya gereza mpaka miaka ya 1950. Bei ya kuingia ya watu wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya wageni wa mbali kwa hiyo bebeni vitambulisho.

Mkitoka hapo msipande chochote, ingieni Ndia Kuu kwa miguu, ni hapo hapo. Huo ndio Mji wa Kale na ndio Mombasa ninayoipenda mimi, vichochoro vyembamba, milango ya kuchongwa, roshani za mbao zimening'inia juu ya kichwa chako, paka, harufu ya udi inatoka madirishani, na watu wanaishi humo, sio maonyesho. Mtaupita msikiti wa Mandhry ambao inasemekana ni wa 1570, mnara wake umechongoka kwa juu. Mkiteremka mnafika bandari ya kale ya majahazi. Mama akichoka vibaraza viko kila mahali, anakaa, na hakuna atakayemfukuza, atasalimiwa tu. Vaeni nguo za stara, kanga begani inatosha, na mtu msimpige picha bila kumwomba.

Mchana Marikiti kwa viungo, halafu mtaa wa Biashara kwa leso. Mama mkwe akiingia Biashara nakwambia magoti yatapona. Pale ndio kuna leso za Mali ya Abdulla, jina la tangu 1887, na mafundi wanazikunja pindo hapo hapo nje.

dereva_himo
Wamekwambia vizuri, mi niongeze njia. Beba pasi, kama huna nenda uhamiaji mapema wakupe hati ya dharura, na watoto pia kila mmoja na yake, usiende na cheti cha kuzaliwa peke yake ukategemea huruma. Cheti cha homa ya manjano kiwepo. Holili na Taveta siku hizi ni jengo moja unagongewa pande zote hapo hapo. Njia ni Taveta, Mwatate, Voi halafu unakula barabara ya Nairobi kushuka Mombasa, kama kilomita 300 yote. Kaa upande wenye dirisha, ukishatoka Taveta tembo unaweza kuwaona ukiwa kwenye kiti. Na mwambie huyo mwanahistoria aangalie reli ya zamani inayofuatana na barabara, Waingereza waliijenga kutokea Voi wakati wa vita ya kwanza wapeleke jeshi kupigana na Wajerumani huku kwetu, na kilima cha Salaita kiko hapo baada tu ya Taveta, walipigana hapo 1916.

chalii_wa_sakina
Napingana kidogo na mmarangu. Mji wa Kale sawa lakini mtoto mdogo baada ya mlango wa tatu wa kuchongwa ashaanza kulia. Gawanyeni, siku za mwanzo kisiwani za mwisho Bamburi, na sio kwa ajili ya bwawa, ni kwa ajili ya Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe matupu, 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje ndiyo iliyokubali kushika kwenye yale mawe, leo ni msitu, kuna viboko, kobe wakubwa ajabu, na twiga mtoto anawalisha kwa mkono wake. Ndio hapo aliletwa yule kiboko mdogo Owen baada ya tsunami ya 2004, akajishikiza kwa kobe mzee anaitwa Mzee wakawa hawaachani. Mdogo wako msimulie hiyo kabla hamjafika.

Bahari mwezi wa sita ni kusi, upepo upo na mwani unajaa mchangani, angalieni maji yakijaa ndio muoge.

Halafu hakuna aliyegusa chakula jamani! Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, hotelini wakikupa mkate na yai kataa. Jioni mnakwenda Mama Ngina, pale penye mibuyu mikubwa, mnakaa na madafu na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu mnaangalia meli zinaingia Kilindini, mlango wa bandari ni mwembamba kwa hiyo meli yenye makontena ya Uganda na Rwanda inapita karibu unasoma jina lake. Viazi karai mtaani, kaimati, watoto mabuyu yale mekundu. Na kahawa chungu ya kwenye dele yenye tangawizi, sisi tunaozilima tunatakiwa tukanywe pale tuone inavyopikwa.

mama_wa_rau
Asanteni mno, nimeandika yote. Dereva hiyo ya hati za watoto umeniokoa. Naulizia feri ya Likoni, inafaa na mtu wa miguu mibovu? Na mama anauliza kanisa.

mwl_kiboriloni
Kanisa kubwa la Roho Mtakatifu liko Nkrumah Road, katikati ya mji. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu ndio waliofungua misheni ya Kilema kwetu Uchagani, kwa hiyo kama mama ni Mkatoliki atajiona yuko nyumbani.

Lakini mimi nakuomba, mtu wa Moshi usirudi bila kufika Rabai. Ni ukielekea njia ya Nairobi, unachepukia Mazeras, si mbali. Mmisionari Krapf alifungua misheni pale 1846 na mwenzake Rebmann akatoka hapo hapo Rabai kwa miguu kuja Uchagani, tarehe 11 Mei 1848 akaona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, na wasomi Ulaya wakambishia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mlima ambao mtoto wako anauona kila asubuhi akienda shule. Nyumba za wamisionari zipo na kuna makumbusho. Mbele ya darasa nimesimulia habari hii mara nyingi, mtoto aliyefika pale anauliza maswali tofauti kabisa na wenzake.

mmarangu_wa_mvita
Mwalimu umenena, nami naongezea Rabai. Feri: kwa miguu ni bure, ila kuna mteremko na watu wanatembea kwa kasi wakisukumana, asubuhi na jioni ya watu wa kazini msithubutu na mama. Nendeni saa nne au saa tano, mvuke mkaguse Likoni mrudi, watoto watafurahi vya kutosha. Simu ziwe mfukoni, picha kwenye feri askari hawataki. Chalii nimekubali ya kugawa siku, ila Haller Park iwe siku ya kazi, jumamosi na jumapili Bamburi inafurika.