Nina STI ninayoitumia kila siku: niongeze gari dogo la mizunguko au nibaki na moja?

Gia ya Sita (mleta mada)

Wakuu, naombeni mawazo, hasa ya wale mliowahi kukaa na magari mawili.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2007, injini EJ257 ya lita 2.5 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia sita za mkono. Ndilo gari pekee nyumbani. Linanipeleka kazini, linapeleka watoto shule, linabeba mizigo, kila kitu. Nililitafuta kwa miaka mingi na kuliuza siwezi, hilo naomba tusilijadili.

Shida ni kwamba safari zangu nyingi ni fupi. Kazini ni kama kilometa nne, na karibu zote ni foleni. Nakaa gia ya kwanza na ya pili, klachi ni nzito, bampa la mbele linagusa matuta, na matairi laini niliyofunga yanalika kwenye mizunguko isiyo na raha yoyote. Ikifika siku ya mapumziko nikitaka kuliendesha linavyostahili, nawaza tu nini kitafuata kuisha.

Nafikiria kununua kigari cha pili kwa ajili ya kila siku. Mke wangu anasema bima mbili, matengenezo mawili na nafasi mbili za kuegesha ni mzigo, na ana hoja. Nimepiga hesabu ya mafuta, nitakachookoa hakifidii gharama ya gari zima. Je, kuna faida nyingine nisiyoiona? Na STI ikianza kulala siku nyingi, si ndiyo itaharibika zaidi?

Mwendo Mrefu

Mkuu, hesabu imeshakujibu. Gari la pili linakula hela hata likiwa limelala. Bima inakwenda kwa mwaka, tairi linazeeka hata kama halijatembea, betri nayo hivyo hivyo. Watu wengi huhesabu bei ya kununua wakasahau hayo. Ningekuwa wewe ningerudisha springi za kiwandani kama umeishusha, nikafunga matairi ya kawaida yenye mpira mgumu kidogo, nikaendelea na gari moja. STI ina milango minne na buti ya maana. Ilitengenezwa iendeshwe.

Fundi Beringi

Mleta mada, mafuta ndiyo hesabu ndogo kuliko zote hapo. Tatizo lako liko kwenye hizo kilometa nne.

Ukiwasha injini asubuhi, mshale wa joto unapanda mapema ukadhani injini imeshapata moto. Ule mshale unasoma maji. Oili inachelewa nyuma sana, maji yanaweza kufika nyuzi 85 huku oili haijafika hata 60. Oili inatakiwa iwe kwenye nyuzi 90 hadi 100 hivi ndipo ifanye kazi yake yote. Kwa safari yako haifiki. Unazima, inapoa, jioni unaanza upya.

Sasa injini ikiwa baridi kompyuta inaongeza petroli kuliko kawaida. Sehemu ya petroli hiyo haiungui, inalowanisha kuta za silinda na kupenya kwenye ringi za pistoni hadi chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa mafuta nao unapita humo humo na kugeuka matone. Ukienda safari ndefu oili inapata moto wa kutosha, petroli na maji vinageuka mvuke na kutoka. Ukienda kilometa nne vinabaki, na kesho unaongeza vingine. Mwisho wake oili inakuwa nyepesi kuliko ulivyoimimina. Na hiyo ndiyo oili inayobeba shafti ya tabo, kitu kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Kwa hiyo kilometa 5,000 za namna yako na kilometa 5,000 za barabara kuu hazilingani kabisa, ingawa dashibodi inazisoma sawa. Gari dogo lisilo na tabo nalo halipendi safari fupi, nisikudanganye, lakini lina kidogo cha kupoteza. Injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5, inachukua oili chini ya lita nne, ni ya bei nafuu kuihudumia na kila fundi anaijua. Chuma kikiisha, kiishe huko.

Ukiamua kubaki na moja kama alivyosema Mwendo Mrefu, badilisha oili kwa kalenda, usisubiri kilometa zifike. Chomoa kijiti cha oili mara kwa mara ukinuse. Kikinuka petroli, oili hiyo imwage. Na usiisukume kabla oili haijapata moto. Kama hujafunga geji ya joto la oili, ifunge kabla ya kununua urembo mwingine wowote.

Jambo la mwisho: EJ257 inatumia mkanda wa taimingi, si cheni. Mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Unazeeka kwa miaka pia, kwa hiyo usije ukasema gari sasa linatembea kidogo, mkanda usubiri.

Mama Pacha

Kaka, kwetu tunakaa na magari mawili, la mume wangu ni la mbio, jingine ni la familia. Naomba niseme kitu ambacho wanaume humu mnakiruka. Gari la pili si la kwako peke yako. Umesema mke wako anaona ni mzigo. Je, STI yeye anaiendesha? Ile klachi kwenye foleni na watoto nyuma anaifurahia? Kama haiendeshi, basi nyumba yenu kwa sasa ina gari la mtu mmoja, na siku usipokuwepo hakuna gari. Mweleze hivyo, kisha mchague pamoja. Aende akalikae, ajaribu kufunga viti vya watoto, aone kama anaona nyuma vizuri anaporudi rivasi. Mimi ndiye niliyechagua letu na ndiyo maana halijawahi kuleta maneno ndani.

Suala la bima, uliza kama kuna mpango wa kilometa chache kwa mwaka kwa gari la mbio. Baadhi ya kampuni zinao, na unapunguza maumivu.

Halafu tafadhali usinunue gari la pili linalohitaji kutengenezwa. Nawajua waliotafuta gari la kila siku wakaishia na miradi miwili, na asubuhi wanaomba lifti.

Gia ya Sita (mleta mada)

Mama Pacha, hapana, haiendeshi. Aliijaribu mara chache akaacha. Hilo la nyumba kuwa na gari la mtu mmoja limenigusa, sikuwa nimeliangalia hivyo. Nitakaa naye leo.

Fundi, asante sana kwa kufafanua. Nimekwenda kunusa kijiti sasa hivi, harufu ipo. Oili naibadilisha wiki hii.

Bado swali la kulala. Nikiiacha wiki mbili tatu, inatosha kuiwasha ingurume dakika tano kila baada ya siku kadhaa?

Rejeta

Usifanye hivyo mkuu! Hizo dakika tano ni kile kile alichokueleza Fundi, tena kibaya zaidi, maana gari halitembei kabisa. Unamwaga petroli na maji kwenye oili, unatumia betri kuiwasha na huirudishii alichokula stata. Ama iache ilale kabisa, ama itoe uiendeshe nusu saa na zaidi, oili ipate moto, breki zifanye kazi, gia zote zipite.

Wiki mbili tatu hazina madhara ukiwa na utaratibu. Betri ndiyo inayotangulia kulalamika, kwa sababu alamu na kompyuta zinanyonya umeme hata gari likizimwa. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 12.4 na kukaa hapo, inaanza kuharibika ndani. Nunua ile chaja ndogo inayotunza betri, ichomeke, umemaliza. Matairi yajaze upepo vizuri kabla ya kuiacha, yasipate ubapa sehemu yanapokalia. Diski za breki zitaota kutu nyepesi, mkanyago wa kwanza kwanza unaiondoa. Usivute hendibreki ikiwa imelowa, inaweza kugandana; iache kwenye gia na uweke kigingi nyuma ya tairi.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu hata gari likilala. Kiwango cha DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ni kuchemka kuanzia nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusu kushuka hadi 155. Kwa mtu anayekwenda kuibana STI siku za mapumziko, hiyo tofauti ndiyo inayokuachia pedali laini kwenye kona. Badilisha kila miaka miwili.

Faida ambayo hakuna aliyeitaja: ukiwa na gari la pili, STI unaifunga matairi ya kazi yake bila kujibana. Yale laini kabisa huyataki kwenye mvua ya asubuhi, na ya kiangazi yanapoteza mshiko baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Gari moja likifanya kila kitu, tairi lake linakuwa la kati kwa kati siku zote.

Mwendo Mrefu

Nimesoma yote. Nakubali kuhusu oili, na kama mama watoto naye atakuwa na la kuendesha, hesabu inabadilika. Ninachosisitiza ni gari la pili lisivuke bajeti ya kitu cha kawaida kabisa. Ukianza kusema "niongeze kidogo nipate lenye tabo", umerudi mwanzo.

Gia ya Sita (mleta mada)

Tumezungumza, amekubali kwa sharti kwamba achague yeye. Tuko kati ya Vitz, Honda Fit na Nissan Leaf iliyotumika. Yeye anavutiwa na Leaf kwa kuwa ni safari fupi.

Waya Mwekundu

Kwa kilometa nne, gari la umeme halina habari ya kungoja oili ipate moto, kwa hiyo shemeji yuko sahihi. Lakini Leaf angalia betri kabla ya rangi. Kwenye dashibodi, pembeni ya geji ya chaji, kuna vijistari vidogo vya uwezo wa betri, ikiwa mpya ni 12. Vikipungua havirudi. Betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, kwa hiyo iliyokaa sehemu za joto kali inachoka mapema. Zile za mwanzo zilikuwa za kWh 24, kwa mizunguko yako inatosha hata ikiwa imepungua, ila bei ipungue nayo. Na kama huna pa kuchajia nyumbani, achana nayo, mtachoshana.

Fundi Beringi

Kama mtaegemea Fit, nyuma ina nafasi kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele na makalio ya viti vya nyuma yanakunjwa juu. Kama ni ya CVT (gia za otomatiki zisizo na hatua), uliza oili ya gia ilibadilishwa lini, na uwekewe ile ile aliyoagiza mtengenezaji. Ikitetemeka unapoondoka taratibu, iache. Vitz sina la kusema, ni gari la kuamka na kwenda.

Lolote kati ya hayo mawili ya petroli, mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Gusa boneti kwanza. Ukikuta ina moto, rudini siku nyingine asubuhi, muisikie ikiwaka baridi, na uangalie moshi unaotoka nyuma ni wa rangi gani.