Waliofufua chesisi na sasipensheni ya gari la zamani nyumbani, tupeane uzoefu

Mrithi wa Z (Arusha)
Wakuu, salama? Nina Datsun 240Z ya 1972, niliachiwa na marehemu mzee. Ni aina ileile iliyomalizia wa kwanza Safari Rally ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na ya 1973 kwa Shekhar Mehta. Basi kila mtu mzima akipita getini husimama kunisimulia vumbi alilolishwa. Mimi yangu ni pini.

Kwa wasiolijua: nyuma, mkono wa chini wa kila gurudumu umeungwa kwenye mguu wa shokapu kwa pini moja ndefu, katikati imebanwa na kabari ndogo. Kabari ilitoka kwa nyundo tatu. Pini ikagoma. Siku ya kwanza mafuta ya kulegeza, ya pili moto wa gesi, ya tatu hasira. Nilipiga moja kwa moja juu ya nyuzi hadi ncha ikatanuka kama uyoga. Hapo sasa hata kwa dua haipiti kwenye tundu lake. Ningefunga nati kwanza nikapiga juu ya nati.

Mwishowe niliikata kwa msumeno huku na huku, kati ya bushi ya mpira na chuma, nikautoa mkono. Kipande kilichobaki nilikipeleka kwenye presi. Kiliachia kwa mlio kama wa bunduki, fundi akaruka nyuma. Upande wa pili? Jioni moja tu, taratibu. Hadi leo sielewi.

Kutu ya Pwani (Mombasa)
Ndugu yangu, gari lako la bara lina afya! Z haina chesisi ya kujitegemea, ni mbavu za bati zilizochomelewa chini ya sakafu. Za kwangu zilikuwa lami na bodifila (ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi), bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Chini ya betri ndiko kulikooza zaidi, tindikali ilikuwa ikidondoka miaka na miaka.

Nawaomba kitu kimoja: kabla ya kukata, pima pembe kwa pembe uandike ukutani, na uchomelee vyuma vya kushikilia uwazi wa milango. Mimi nilikata kizingiti bila vyuma. Mlango wa dereva ukakataa kufunga, na kuurudisha kulikula mwezi mzima. Mke wangu alikuwa akianika nguo juu ya boneti.

Mbeba Bodi (Uingereza)
Huku nina Triumph TR6. Hii ina chesisi yake kabisa, bodi inanyanyuliwa. Tulikuwa watu sita, na biriani la kuwalipa. Kila nilipoachia klachi kulikuwa na mlio wa chuma kugonga huko nyuma, nikashuku krosi, kile kiungo cha shafti. Kumbe kishikio cha mbele cha difu kimeng'oka kwenye chesisi! Ugonjwa unaojulikana wa gari hizi. Tulichomelea upya na kuongeza vipande vya bati nene kuzunguka.

Spana 17 (Dar)
Nyongeza fupi. Bushi za mpira usizikaze gari likiwa hewani. Funga nati kwa mkono, shusha gari likalie magurudumu yake, litingishe kidogo, ndipo ukaze. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejinyonga muda wote na utachanika mapema. Nilishabadilisha seti nzima mara mbili ndipo mzee mmoja wa gereji akanicheka na kunieleza.

Mrithi wa Z (Arusha)
Spana, ujumbe wako nimeusoma nikiwa nimelala chini ya gari. Liko juu ya stendi tangu mwezi uliopita. Bushi zote nimeshakaza, na jana nati nimezipaka rangi nyeusi, mara ya pili.