Tupeane uzoefu: mtaa wenu uliulizwa kabla ya kupokea waomba hifadhi?

Mkazi wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Igoma, Mwanza, ametangaza mkutano wa hadhara. Taasisi moja ya dini inataka kukodi nyumba iliyo jirani na kisima chetu, wakae familia za Kikongo wakati maombi yao ya hifadhi yanashughulikiwa. Gengeni maneno yameshazagaa: mara wanakuja mia mbili, mara ni askari waliotoroka vita, mara kodi za vyumba zitapanda. Wanaoyasema hawajaona mtu hata mmoja, na taasisi yenyewe imekaa kimya.

Mimi sitaki wakataliwe. Nchi hii ilipokea Warundi mwaka 1972, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Kinachoniuma ni mwenyeji kuitwa kwenye mkutano wakati mkataba umeshasainiwa. Kwenu ilikuwaje? Mliulizwa kabla au baada? Na hoja zenu zilifika wapi?

Mama wa Ngara, sasa Buhongwa
Mwanangu, sisi hatukuulizwa, na hakukuwa na muda wa kutuuliza. Mwisho wa Aprili 1994 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda watu wapatao 250,000 ndani ya saa 24 hivi. Benako, huko kwetu Ngara, ikageuka mji wa maturubai. Wenyeji tuliwapa ndizi, maharage, hata vyumba. Hilo hakuna aliyetuagiza.

Shida ilianza baadaye. Mama yangu alizoea kuokota kuni nyuma ya nyumba. Ikawa anatoka alfajiri na panga, anarudi jua la utosi na kifurushi cha kubeba kwapani. Miti ilikwisha mlima kwa mlima. Magari ya maji yalitupita barabarani tumeshika ndoo, yakaenda kambini. Hasira yetu ilikuwa kwa magari yale. Mnyarwanda aliyelala chini kwenye tope hakuwa na kosa.

Mashirika yalipoanza kukaa na serikali za vijiji, visima vikachimbwa na upande wetu, mengi yalitulia. Basi huko kwenu anzeni na kisima. Mkimaliza kisima ndipo muende kwenye mengine.

Mzaliwa wa Kirumba, Uingereza
Shikamoo mama. Huku tatizo ni hilo hilo, sura tu ndiyo tofauti. Anayeamua ni Wizara ya Mambo ya Ndani, na halmashauri nyingi hulalamika kwamba hupewa taarifa dakika za mwisho. Mji ninaoishi, hoteli ilijaa waomba hifadhi kabla ya mkutano wowote. Tulipoitwa ukumbini, ofisa wa halmashauri alikuja na karatasi moja. Ukimuuliza nafasi kwa daktari, "hilo liko wizarani". Ukimuuliza shule, "hilo liko wizarani". Kina mama waliokuja na maswali ya maana waliondoka wamevimba, na nje ya mlango walikuwepo watu wanagawa vipeperushi vya chuki. Wakavipokea.

Agosti 2024 kundi la watu lilivamia hoteli ya waomba hifadhi karibu na Rotherham na kujaribu kuichoma, watu wakiwa ndani. Mbaguzi hazuiliwi na mkutano. Lakini yule jirani wa kawaida ambaye bado hajaamua, huyo anapotea kwa kufichwa habari.

Jambo jingine halikusemwa ukumbini kabisa: mwomba hifadhi huku kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Huomba ruhusa kesi yake ikipita mwaka bila uamuzi, na hata hapo kuna masharti. Majirani wanawaona vijana wamesimama nje kutwa nzima, wanasema wavivu. Hilo lingeelezwa siku ya kwanza lingepunguza maneno mengi.

Mvuvi, Kayenze
Huku mwaloni tuna utaratibu wetu. Mvuvi mgeni akishuka, anafika kwa viongozi wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, na barua kutoka mwalo aliotoka, jina linaingia daftarini, ndipo anaonyeshwa pa kulala. Aliwahi kuja kijana wa Kirundi hana barua yoyote. Mwenyekiti hakumfukuza. Alimpa ugali na dagaa, kesho yake wakaenda wote Uhamiaji. Watu walitulia kwa sababu walijua nani kamjua na nani kampeleka. Ulizeni nani atashika daftari la hiyo nyumba.

Mtendaji mstaafu, Magu
Ongezeni hapo sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze kwa mamlaka ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, na inaruhusu Waziri kutenga maeneo ya kuishi wakimbizi. Ndiyo maana wengi walipelekwa kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma. Kwa hiyo swali la kwanza kwa taasisi: kibali kiko wapi? Kikiwepo, kisomwe kwa sauti mbele ya watu. Uvumi mwingi utafia hapo. Na muhtasari uandikwe palepale, usomwe kabla watu hawajatawanyika.

Mwalimu, zamani Kibondo
Nakazia moja. Masoko ya pamoja kati ya vijiji na kambi ya wakimbizi yalipofungwa, tuliumia pande zote mbili. Wenyeji tuliuza muhogo na mawese mle. Kijijini kwetu hakuna aliyetuuliza wakati wa kufungua wala wakati wa kufunga. Tukisema "kushirikisha wenyeji", iwe hata siku ya kuondoka.

Mkazi wa Igoma
Asanteni sana, mama wa Ngara hasa. Nimeshaongea na mwenyekiti: taasisi italeta mtu wake mwenye uwezo wa kujibu, na kibali kitakuja mkononi. Nimeomba pia mama mmoja wa Kikongo anayeuza vitenge hapa Igoma akaribishwe kuzungumza akitaka mwenyewe, asilazimishwe. Kuhusu kisima, nataka tupendekeze tenki la pili kabla ya familia ya kwanza kuingia. Nani anajua bei ya tenki la lita 5,000 na ufungaji wake kwa sasa?