Msimbo umehamishiwa Git, na historia yote imefutwa

Wakuu, yule bwana mnayemjua nyote, ambaye hakosi kikao cha kujitangaza kuwa mtaalamu, leo ametuarifu kwa mbwembwe kwamba amekamilisha kuhamisha mradi wetu kutoka Subversion kwenda Git, zote mbili zikiwa programu za kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Nikafungua faili la kukokotoa kodi, nikaendesha git blame ili nijue ni nani aliyeweka sharti fulani na kwa sababu gani, na kila mstari ukanipa jina lake yeye, tarehe ya jana, na maelezo haya: "Toleo la kwanza". Kila mstari, hata iliyoandikwa kabla huyu bwana hajajua kuwasha kompyuta!

Alichofanya ni kunakili folda na kuendesha git init, amri inayoanzisha hifadhi mpya isiyo na historia. Ilhali git svn, amri ya kuhamisha kutoka Subversion, ipo, inavuta mabadiliko moja baada ya jingine, inapokea orodha ya majina ya waandishi, na inatambua shina (msimbo mkuu), matawi (kazi za kando) na lebo (alama za matoleo). Mradi wa GCC, programu za kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ulihamia Git Januari 2020 ukiwa na historia inayoanzia miaka ya 1980. Huyu ameshindwa kubeba ya wiki iliyopita. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya watu: "Historia ya nini, msimbo si upo?" Toleo la kwanza, jamani!

Jibu 1: Pole, mkuu, ila sharti hilo lingekuwa na maelezo ndani ya faili, usingehitaji kumtafuta mwandishi wake.

Jibu 2: Afadhali yenu. Wa kwetu alitumia git svn bila orodha ya waandishi, na sasa kila mmoja wetu ana barua pepe inayoishia na msururu wa tarakimu za kitambulisho cha hifadhi ya zamani.

Jibu 3: Nyote mmedekezwa. Sisi tulitoka CVS, programu ya zamani kuliko Subversion, ambayo haikuwahi kurekodi kwamba faili limebadilishwa jina, kwa hiyo nusu ya mafaili yetu yanaonekana yamezaliwa siku yalipohamishwa folda.

Mwanzisha uzi: Ninyi angalau mna tarehe za kabla ya jana! Mimi nina "Toleo la kwanza"!

Jibu 4: Mtoa jibu la 3, hata Git hairekodi jina jipya, inakisia kwa kulinganisha yaliyomo, na kiwango chake cha kawaida ni kufanana kwa asilimia 50. Kwetu yuko mmoja anayebadilisha jina la faili na kuliandika upya lote katika komiti (hifadhi ya mabadiliko) hiyo hiyo, Git isitambue kuwa ni faili lile lile.

Jibu 5: Huyo tunaye pia. Je, wa kwenu naye hubadilisha nafasi za mwanzo wa mistari yote, git blame ikaonyesha kila mstari ni wake?