Tupeane uzoefu: kununua makangaga ya miti na mimea adimu kwenye vitalu maalumu, kwa wakazi wa Mwanza na kando ya ziwa

Mzee wa Viriba

Wakuu, salamu. Bustani za Capri Point, Isamilo na Bwiru zinabadilika. Watu wanatafuta makangaga ya miti, sikadi (mimea inayofanana na mitende mifupi), mitende ya Madagaska na okidi, na wengi wanaagiza kutoka Tengeru, Lushoto, Dar au Nairobi bila kujua waangalie nini. Mimea hiyo hufa ndani ya miezi michache ya kwanza, halafu lawama zinaenda kwa hali ya hewa ya ziwa. Mara nyingi tatizo lilianzia siku ya kununua. Leteni vipimo, majina kamili na sababu.

Naanza na jina. Muuzaji akikwambia "kangaga la mti" tu, bado hujaambiwa kitu. Muulize jina la kisayansi, kisha hakikisha mwenyewe. Tazama kitako cha kuti pale linapotoka kichwani. Ukikuta nywele laini bila magamba, hiyo ni Dicksonia. Ukikuta magamba makavu membamba, hiyo ni Cyathea. Kwenye lebo unaweza kuona imeandikwa Alsophila au Sphaeropteris, maana wataalamu wameligawa kundi hilo, usishtuke. Cyathea cooperi ya Queensland ina magamba ya aina mbili yaliyochanganyika, makubwa meupe na madogo ya kahawia. Cyathea manniana, ambayo ni ya milima yetu wenyewe, ina miiba mikali kwenye vikonyo, kwa hiyo usiishike bila glovu.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye pesa. Shina la Dicksonia antarctica limefunikwa na mizizi toka chini hadi juu. Ndiyo maana kule Tasmania gogo lake hukatwa, hufungwa lebo rasmi, husafirishwa hadi Ulaya bila mizizi ya chini, na bado huchipua. Cyathea haiwezi hivyo. Ukiitenganisha na mizizi yake imekwisha. Anayekuletea gogo la Cyathea lisilo na mizizi, hata kama kichwani kuna makuti matatu mabichi, anakuuzia mmea uliokwisha kufa. Yale makuti yanaishi kwa maji yaliyobaki shinani.

Na Dicksonia siishauri kwa Mwanza. Ni mmea wa misitu ya baridi. Sisi tuko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana joto linafika nyuzi 28 na usiku halishuki vya kutosha. Utaona makuti yanazidi kuwa mafupi kila msimu mpaka kichwa kinafunga. Kwa hapa chukua Cyathea cooperi, inavumilia joto na inakua haraka.

Bwiru Juu

Nakuunga mkono mzee. Naongeza ukaguzi wa kitaluni, kwa mpangilio.

Kwanza kichwa. Kibonyeze kwa kidole gumba katikati, pale machipukizi yalipojikunja. Kiwe kigumu. Kikibonyea au kikitoa harufu ya uvundo, ondoka, hata ukipunguziwa bei nusu. Kangaga la mti lina sehemu moja tu ya kukua. Kichwa kikioza hakuna chipukizi lingine la pembeni litakalokuokoa.

Pili, shika shina karibu na udongo ulitikise polepole. Likicheza, limehamishiwa kwenye kiriba wiki hiyohiyo ili lionekane limelelewa pale. Omba likatolewe kwenye kiriba mbele yako. Mizizi inayotakiwa ni myembamba, myeusi, migumu, yenye ncha za rangi hafifu, na imeshika udongo mpaka pembeni. Ukikuta udongo unamwagika na mizizi minene iliyokatwa kwa panga, huo umeng'olewa msituni.

Tatu, pindua makuti. Vidonge vya kahawia vilivyopangika kwa mistari ni mifuko ya spora (chembe za uzazi za kangaga), si ugonjwa. Vidugamba, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hukaa ovyoovyo, hasa kwenye mshipa wa kati, na ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka na kuacha unyevu unaonata.

Kuhusu ukubwa, nunua mdogo. Kiriba cha upana wa sentimita 20, makuti matano hadi saba, shina bado halijaonekana. Mdogo wenye mizizi kamili utaupita mkubwa uliokatwakatwa. Tena kutoka spora hadi mche wa kufika magotini ni kazi ya miaka, kwa hiyo kangaga la mti la mita moja la shina linalouzwa kwa bei ya mche wa parachichi halikuzalishwa kitaluni. Kung'oa mimea kwenye hifadhi ya misitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na milima yetu haina makangaga ya kutosha kulisha bustani za mijini. Anayenunua ndiye anayemtuma mng'oaji arudi tena.

kivuli_neti

Kwa wanaotaka kuvusha kutoka Kenya au Uganda, vibali vikoje?

Mama Shamba Nyegezi

Ndugu yangu, anzia huku kwetu kabla hujalipia mmea. Unaomba kibali cha kuingiza mimea TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kibali kina masharti, na nakala yake unamtumia mwenye kitalu. Yeye kwa upande wake anaita wakaguzi, Kenya ni KEPHIS, wampe cheti cha afya ya mimea kinacholingana na masharti yale. Watu hukosea kwa kupata cheti kwanza na kibali baadaye. Tarehe zikipishana mzigo unazuiwa mpakani Sirari huku makuti yananyauka.

Kwa Cyathea kuna hatua ya ziada. Kundi lote liko Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo inahitajika pia hati ya CITES ya nchi inakotoka. Okidi zote nazo zimo humo, au Kiambatisho I kabisa, chenye masharti makali zaidi. Kitalu cha uhakika kinayajua haya bila kufundishwa. Mwenye kitalu akisema "weka tu kwenye begi", elewa kwamba hata chanzo cha mmea wake hakikuulizwa.

Mwombe aoshe mizizi na kuifunga kwa nyuzi za nazi zenye unyevu badala ya udongo. Udongo ndio unaobeba minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi, na ukishaiingiza shambani, nyanya na migomba ya jirani zitaikuta.

Bwiru Juu

Usafirishaji nao unaua wengi. Mwagilia jana yake jioni, si asubuhi ya safari, ili udongo uwe na unyevu lakini usidondoshe. Kusanya makuti kwenda juu, yafunge kwa kitambaa laini, si kamba ya katani. Zungushia gazeti kisha gunia. Usifunge kwa nailoni, joto likipanda ndani kichwa kinapikika.

Kwenye basi ulizia injini iko wapi. Mabasi mengi yana injini nyuma, na buti iliyo karibu nayo ina joto la kuua mmea kabla hujafika Singida. Uwekwe buti ya mbele au ya katikati, ulazwe kwa ubavu na uzuiwe kwa kitu kizito usibiringike. Ukipokea, usiutoe moja kwa moja juani. Kaa nao kivulini siku saba hadi kumi kabla ya kuupanda. Kuti moja au mawili ya nje yatakuwa ya njano, hiyo ni kawaida.

Mzee wa Viriba

Sasa kupanda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu Mwanza ina mambo yake.

Mawe. Nyumba nyingi za Isamilo na Capri Point zimebanwa na miamba. Jiwe linalopigwa na jua la mchana linaendelea kutoa joto mpaka usiku, na kangaga lililopandwa mita moja kutoka hapo linaungua makuti ya upande wa jiwe tu. Tafuta upande wa mashariki wa nyumba au wa mwamba, upate jua la asubuhi tu. Kama hakuna kivuli, panda kwanza migomba mitatu upande wa magharibi na upande unaotoka upepo wa ziwa. Migomba inatoa kivuli, inapunguza upepo na inaongeza unyevu hewani. Shedi neti (neti ya kivuli) ya asilimia 60 hadi 70 inafaa pia, lakini neti haizuii upepo.

Udongo. Kichanga chetu cha mlimani kinapitisha maji haraka mno, na ule mweusi wa mbuga unatuamisha maji na kupasuka wakati wa kiangazi. Vyote viwili havifai peke yake. Chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha 40. Changanya ndoo mbili za mboji ya majani iliyooza kabisa, ndoo moja ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), ndoo moja ya mchanga wenye chembe kubwa na nusu ndoo ya chenga za mkaa. Makangaga yanapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Kwa hiyo usitie majivu! Watu wa kwetu wanapenda kumwaga majivu ya jikoni kila shina, na kwa kangaga majivu yanapandisha pH, makuti mapya yanatoka ya njano yenye mishipa ya kijani.

Usizike shina. Kiwango cha udongo kibaki kilekile cha kwenye kiriba. Matandazo yawe unene wa sentimita 5, yaanze kiganja kimoja kutoka shinani, na yakaguliwe kila wiki maana mchwa wanayafuata.

Muda mzuri ni mvua zinaposhika, Novemba hivi, ili mmea upate miezi sita ya kushika mizizi kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kiangazi hicho ndicho mtihani wenyewe. Mche mdogo upewe lita 5 kila asubuhi. Wenye shina la nusu mita lita 10, na sehemu ya maji hayo yapite shinani.

binti_kagera

Hapo kwenye maji niseme kidogo. Kuna ushauri unaosambaa kwamba umwage maji kichwani kila siku. Ushauri huo ulitoka kwa wakuzaji wa Dicksonia kwenye nchi za baridi. Kwa Cyathea kwenye joto letu, maji yanayokaa kichwani mpaka usiku yanaozesha machipukizi. Lowesha shina, kichwa kipate manyunyu asubuhi tu.

Chanzo cha maji pia ni muhimu. Maji ya bomba na ya ziwani yanafaa. Ya kisima yapimwe kwanza, maana visima vingine vina chumvi, na dalili yake ni ncha za kahawia kwenye makuti yote kwa pamoja. Ncha zikikauka upande mmoja tu, ni upepo au jua.

Sisi wa Bukoba tuna nafuu kwa sababu mvua ni karibu mara mbili ya yenu. Msilinganishe ratiba ya kumwagilia.

Mzee wa Viriba

Dada umesema kweli, kwa hapa joto ni hoja kubwa. Narekebisha ratiba yangu: shina kila asubuhi, kichwa manyunyu, jioni hapana.

kivuli_neti

Na mimea mingine je? Naona sikadi na "pembe za swala" zinauzwa sana.

Mama Shamba Nyegezi

Pembe za swala ni Platycerium. P. bifurcatum ndiyo iko kila kitalu, lakini kwa kanda yetu P. elephantotis ni ya Afrika na inavumilia kiangazi vizuri zaidi. Inafungwa kwenye ubao wa mti mgumu, mizizi ikiwa ndani ya nyuzi za nazi kiasi cha ngumi mbili. Yale majani ya duara ya nyuma yakigeuka kahawia usiyabandue, ndiyo yanayoshika mmea na kuhifadhi maji.

Sikadi ziangalieni kwa makini sana. Encephalartos zote, zikiwemo E. hildebrandtii ya pwani yetu na E. bubalinus ya kaskazini, ziko Kiambatisho I cha CITES. Shina lenye alama za moto wa nyika na mizizi ya kukatwa kwa panga limeibwa porini, haidhuru muuzaji anasemaje. Nunua mche wa mbegu wenye majani mawili matatu na risiti yenye jina kamili. Cycas revoluta ni rahisi kupata. Kagua chini ya majani kama kuna vumbi jeupe lisilofutika, hao ni vidugamba na wanaua mmea mzima. Mbegu zake ni sumu, mbwa akizitafuna ini linaharibika, na watoto wasizichezee.

Mtende wa fedha, Bismarckia nobilis, nunua mdogo kwenye kiriba kirefu. Ukishavunja mizizi yake wakati wa kuhamisha haupati nafuu. Huu unataka jua kali, kwa hiyo wenye viwanja vya wazi Buhongwa na Kisesa mnaufaidi.

Jambo moja nawaomba kwa moyo wote. Vitalu vingine vinauza mimea ya kuelea majini kwa mabwawa ya mapambo. Gugu maji lilianza hivyohivyo sehemu nyingi duniani, na ziwa letu linateseka nalo tangu miaka ya mwisho ya 1980. Salvinia na ndugu zake msinunue. Mvua moja kubwa inatosha kuzitoa bwawani hadi mtaroni, na mitaro yetu yote inaishia ziwani.

juma_wa_igoma

Mbolea ya kangaga ni ipi? Nina DAP na samadi ya kuku.

Bwiru Juu

Zote mbili hapana, mkuu. Mizizi ya kangaga iko juujuu na inaungua kwa chumvi ya mbolea. Samadi ya kuku labda ikiwa imeoza mwaka mzima, na hata hapo kiasi kidogo sana. Tumia mbolea ya majani ya NPK 20-20-20, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 10 za maji, kila wiki mbili wakati wa mvua, udongo ukiwa tayari na unyevu. Kuanzia Juni simamisha. Mche uliotoka safarini usiupe chochote mpaka ukunjue kuti jipya la pili.