Mapato ya wakfu: paa kwanza au mayatima kwanza?

Msimamizi_Mpya
Assalamu alaykum. Nimeachiwa usimamizi wa wakfu wa babu mzaa mama, yaani mali aliyoitoa sadaka ya kudumu. Usimamizi, si mali, hilo nalijua. Ni nyumba ndefu ya vyumba vinane vya kupangisha, na mapato ni ya mayatima. Miaka yote kodi ikiingia asubuhi, jioni imeshagawiwa. Akiba ya kununulia hata msumari hakuna. Sasa mabati ya nyuma yameoza, vyumba viwili vimehamwa. Nilipowaambia wenzangu wa kamati tusimamishe mgao miezi sita tuezeke, mmoja akanijibu, "Unataka kula haki ya yatima?" Sikulala. Mwingine anataka tuuze nusu ya kiwanja. Nishike lipi?

Mzee_wa_Daftari
Wa alaykumu salaam. Hilo la haki ya yatima nami niliwahi kurushiwa, pole. Matengenezo hutangulia mgao. Wanazuoni wa Kihanafi, moja ya madhehebu manne ya sheria ya Kisunni, wamesema wazi: hata mtoa wakfu asipotaja ukarabati, mapato huanzia huko, maana alikusudia sadaka idumu. Sahaba Umar alipopata shamba Khaybar, huko Arabuni, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao, ikawa haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Watu wameshika hilo la kutouza tu, huku nyumba inaoza mbele ya macho yao.

Ila miezi sita bila kitu ni mingi kwa mtoto. Ezeka hivyo viwili kwanza, kodi yake irudi, ndipo uendelee. Risiti zote weka.

BintiSheria
Kuuza nusu, ngoja kwanza. Kubadilisha mali ya wakfu kwa nyingine huitwa istibdali. Katika madhehebu mengine, Washafii na Wamaliki wameibana sana, hasa kwenye ardhi na nyumba. Wahanbali huruhusu manufaa yakikatika, Wahanafi wana nafasi zaidi lakini kwa idhini ya kadhi. Yenu bado inapangishika, kwa hiyo sioni hoja.

Sheria za nchi nazo hazimwachii msimamizi peke yake. Indonesia, kwa mfano, Sheria Na. 41 ya mwaka 2004 inakataza kuuza na kuweka rehani. Kubadilisha ni kwa maslahi ya umma, kwa kibali cha waziri, na mali mbadala isipungue thamani. Sheria hiyohiyo inamtaka msimamizi aifanye mali izalishe, na ujira wake usizidi asilimia 10 ya mapato halisi. Angalia ya kwenu inasemaje kabla kamati haijapiga kura.

Msimamizi_Mpya
Nashukuru nyote. Kuna jingine. Mpangaji wa chumba cha kona yupo mwaka wa 15, kodi ileile aliyoingia nayo. Anasema ataezeka nyumba nzima kwa pesa zake, tumpe miaka 20.

Mzee_wa_Daftari
Huyo mwogope kuliko mabati! Wahanafi walisema nyumba ya wakfu isikodishwe zaidi ya mwaka mmoja kwa mara moja, na shamba miaka mitatu, kama mtoa wakfu hakusema lolote, kwa sababu mkaaji wa muda mrefu mwisho huonekana ndiye mwenye nyumba. Pesa yake iwe deni juu ya wakfu, kwa idhini ya kadhi, likatwe kidogo kidogo kwenye kodi. Na kodi yenyewe iwe ya leo. Kupangisha chini sana ya bei ya nyumba za aina hiyo ni kuudhulumu wakfu. Hati inasemaje kwani?

Msimamizi_Mpya
Nimeitoa kabatini usiku huu. Ukurasa wa pili umepasuka kwenye mkunjo, mstari mmoja umekatika katikati, lakini unasomeka: "kitakachobaki baada ya kuitengeneza nyumba kitakuwa cha mayatima." Kitakachobaki! Juu ya muda wa kupangisha hakuna neno. Kesho natoa nakala nane, kila mjumbe na yake. Wa kona nitamwita baada ya kikao.