Tupeane uzoefu: maumivu ya njia ya haja kubwa, je, kila kitu ni bawasiri?

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini: Wakuu, huku kwetu ukitamka tu kwamba unaumwa nyuma, jirani keshakuchumia majani ya bawasiri. Lako lilianzaje, ukatibiwaje? Aibu tuiweke pembeni.

Mkorosho, Tandahimba: Mimi damu tu, nyekundu mbichi, inadondoka baada ya haja, maumivu hakuna. Baadaye kinyama kikawa kinatoka nikijikamua, nakirudisha kwa kidole. Daktari akapima: bawasiri ya ndani (mishipa ya damu iliyovimba), daraja la 3, yaani inatoka na hairudi mpaka uisukume. Alikifunga kimpira kwenye shina, kikanyauka na kudondoka chenyewe kama kitovu cha mtoto.

Mama Pacha, Mikindani: Kaka, langu ni kinyume. Baada ya kujifungua nilifunga choo. Kila haja ni maumivu ya kuchanika, na ukishamaliza yanaendelea kuwaka hata saa nzima. Damu kidogo tu wakati wa kutawaza. Nikawa najizuia kwenda, choo kikazidi ugumu. Kumbe mpasuko, yaani ngozi ya njia ya haja imechanika. Nilipewa dawa ya kulainisha choo, krimu ya diltiazemu ya kulegeza msuli unaobana choo, na kukalia beseni la maji ya uvuguvugu. Mlenda na papai sikuviacha. Shangazi yangu, wake ulikuwa sugu, alikatwa msuli huo kidogo ndipo mpasuko ukafunga.

Boda wa Lindi: Nyie mna nafuu! Mimi uvimbe pembeni, unapwita usiku na mchana, homa juu, siti ya pikipiki sithubutu. Antibayotiki za duka la dawa zilishusha homa, usaha ukabaki. Lilikuwa jipu, likapasuliwa na kuachwa wazi lizibe kutokea ndani. Miezi ikapita, katundu pembeni kakawa kanavuja usaha, kanafunga, kanafunguka tena. Fistula hiyo, yaani njia isiyo ya kawaida kutoka ndani ya njia ya haja hadi kwenye ngozi, na vidonge haviiponyi. Nilipitishiwa uzi wa upasuaji usaha uendelee kutoka, kwani wakikata ovyo msuli unaobana choo, utashindwa kujizuia.

Nesi mstaafu, Masasi: Wa Lindi kasema kweli. Nanyi mnaokwenda kuchomwa vinyama vichochoroni, mwisho wake nimeufunga bandeji sana, acheni. Damu ikichanganyika na kinyesi, uzito ukapungua, choo kikabadilika bila sababu, usikubali kuambiwa bawasiri kabla utumbo haujaangaliwa kwa kamera. Saratani huanza hivyohivyo.

Mama Pacha: Bibi nesi, shikamoo. Mjamzito anaruhusiwa beseni?

Nesi mstaafu: Marahaba. Ruksa, maji yasiwe ya moto tu. Chumvi si lazima.